Neno Mwilini: Lugha, Utupu wa Hisia na Gharama ya Utii katika *Castlevania: Order of Ecclesia*

Ikisiri

Makala hii inahakiki mchezo wa video *Castlevania: Order of Ecclesia* (Konami, 2008) kama matini ya kisimulizi yenye hoja kuhusu lugha. Mhusika mkuu, Shanoa, amepotewa na kumbukumbu na hisia, naye hupigana kwa maneno yenye sura ya Kilatini anayoyafyonza mwilini. Kwa kuchambua sarufi ya maneno hayo, miisho miwili ya hadithi na nafasi ya wanakijiji wa Wygol, inabainishwa kwamba mchezo unatofautisha neno linalotumiwa kama silaha na neno linalosemwa kati ya mtu na mtu, kisha unamwadhibu mchezaji anayelijali la kwanza peke yake. Hata hivyo, inaoneshwa pia kwamba hadithi haimfikishi Shanoa kwenye kauli yake mwenyewe, kwa kuwa hata tabasamu lake la mwisho linatolewa kwa ombi la mwingine.

Maneno muhimu: mchezo wa video, ugothi, glifu, sarufi, mhusika, utii

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili haukuzaliwa na karatasi. Ngano, tenzi zinazoghaniwa, vitendawili na majigambo vimewazoeza wanafunzi wake kwamba matini yaweza kukaa katika sauti, katika mwili wa fanani na katika majibu ya hadhira. Kitendawili hakikamiliki mpaka mtu aseme "tega". Ngano hailali vizuri pasipo wasikilizaji wanaoitikia. Kwa mhakiki aliyelelewa katika mapokeo hayo, mchezo wa video haupaswi kuwa mgeni wa kutisha. Nao ni utungo usiokamilika mpaka mtu auitikie, ila kiitikio chake ni vidole.

Pamoja na hayo, mazungumzo ya hadharani kuhusu michezo hii mara nyingi huishia katika mambo mawili: sifa kwa teknolojia, au hofu ya wazazi na walimu kwamba vijana wanapoteza muda. Yote mawili yanaacha kazi ya mhakiki bila kuguswa, yaani kuuliza matini inasema nini, inakisema kwa njia gani, na kama inatimiza ahadi yake. Makala hii inaifanya kazi hiyo kwa mchezo mmoja.

*Order of Ecclesia* ulitolewa mwaka 2008 kwa ajili ya Nintendo DS, kifaa cha mkononi chenye skrini mbili, chini ya usimamizi wa mtayarishaji Koji Igarashi. Mwaka 2024 ulitolewa upya katika mkusanyo wa *Castlevania Dominus Collection*, na hivyo kuwafikia wachezaji ambao hawakuwahi kukishika kifaa cha awali. Ni mchezo unaotazamwa kwa ubavuni: mhusika huenda kushoto na kulia, hupanda na kushuka, huku mandhari yakisogea pamoja naye. Mfululizo wa *Castlevania* ulianza Japani mwaka 1986, nao unamchukua adui wake mkuu kutoka katika riwaya ya Bram Stoker, *Dracula* (1897). Riwaya hiyo ni tunda la mapokeo ya kigothi yanayorejeshwa kwa kawaida hadi kwenye *The Castle of Otranto* ya Horace Walpole (1764): kasri, giza, laana ya ukoo, na wafu wasiokubali kufa.

2.0 Hadithi na Umbo Lake

Hadithi inatokea katika karne ya 19. Ukoo wa Belmont, ambao katika michezo mingine ya mfululizo huu ndio unaompiga Dracula, haupo tena. Pengo hilo linajazwa na jumuiya kadhaa zinazotafuta silaha mbadala, na mojawapo ni Ecclesia, inayoongozwa na mzee Barlowe. Silaha yake inaitwa Dominus, nguvu iliyotokana na Dracula mwenyewe, na chombo kilichoteuliwa kuibeba ni Shanoa. Siku ya ibada ya kumkabidhi nguvu hiyo, Albus, aliyekuwa kwa Shanoa kama kaka, anavamia na kuiiba. Shanoa anazinduka akiwa hana kumbukumbu wala hisia. Barlowe anamfundisha upya, kisha anamtuma akamtafute Albus na kuirudisha Dominus.

Mchezaji akifuata amri hiyo moja kwa moja, atampata Albus, atamshinda, na Shanoa atarudi kwa Barlowe kama mtumishi mwaminifu. Hapo hadithi inakatika. Shanoa anapoteza uhai kwa utii wake, na kasri la Dracula halifunguki kamwe kwa mchezaji. Njia ya pili inapatikana tu kwa yule ambaye, kabla ya kupambana na Albus, amewatafuta na kuwaokoa wanakijiji wote 13 wa Wygol waliotoweka. Kwake ukweli unajitokeza: Dominus humwua anayeitumia, Albus aliiiba ili kumwokoa Shanoa, na Barlowe ndiye aliyekuwa akitaka Dracula afufuke.

Muundo huu wa miisho miwili si mgeni katika mfululizo, lakini hapa umebeba maana ya pekee. Mwisho mbaya hautokani na uzembe wa vidole wala upungufu wa nguvu. Unatokana na kutii. Mchezaji anayefanya hasa kile alichoambiwa, kwa ufanisi na bila kupoteza muda, ndiye anayemwua Shanoa. Matini inambebesha hatia hiyo mchezaji mwenyewe, jambo ambalo riwaya haina njia ya kulifanya, maana msomaji wa riwaya hufungua ukurasa tu, hatoi amri.

3.0 Sarufi ya Glifu

Shanoa hana upanga wala mjeledi. Ana glifu, yaani alama za maandishi zenye nguvu anazozifyonza kutoka kwa maadui na mahali mbalimbali, kisha kuzipanga katika mkono wa kushoto, mkono wa kulia na mgongoni. Baadhi ya maadui, wanapotaka kurusha uchawi, huiandika glifu hewani kwanza. Mchezaji mwepesi anaweza kuifyonza kabla haijatenda kazi. Kwa Kiswahili tungesema Shanoa humkata adui kauli, na hapa usemi huo unakuwa kweli kabisa: neno linanyakuliwa likiwa bado linatamkwa, na linakuwa mali ya aliyelinyakua.

Majina ya glifu yana sura ya Kilatini, nayo yakipangwa kisarufi yanatoa picha ya kuvutia. Kundi la kwanza ni nomino za vitu: *Hasta* ni mkuki, *Arcus* ni upinde, *Scutum* ni ngao. Kundi la pili ni vitenzi katika umbo lisilo na nafsi: *Secare* ni kukata, *Confodere* ni kuchoma kwa ncha, *Redire* ni kurudi. Umbo hili linalingana na kitenzi cha Kiswahili chenye *ku-*: tendo limetajwa, lakini mtendaji hayupo. Haijulikani nani anakata wala nani anarudi. Kwa mhusika aliyepotewa na nafsi, hakuna umbo la kitenzi linalomfaa zaidi. Shanoa anabeba matendo yasiyo na mwenyewe.

Glifu hizi pia zinaongezeka nguvu kwa utaratibu unaofanana na unyambulishaji. *Confodere* inapata kiambishi *Vol* na kuwa *Vol Confodere*, kisha *Melio Confodere*. Viambishi hivyo vinajitokeza pia katika silaha nyingine kwa mpangilio uleule, kiasi kwamba mchezaji asiyejua Kilatini hata kidogo huijifunza sarufi hiyo kwa kuitumia, kama mtoto anavyojua tofauti ya *pika*, *pikia* na *pikisha* kabla hajasikia neno "mnyambuliko".

Kundi la tatu ndilo lenye uzito zaidi. Ni glifu zenye neno *fio*, kitenzi cha Kilatini chenye maana ya "ninakuwa": *Fortis Fio*, ninakuwa hodari, *Sapiens Fio*, ninakuwa mwenye hekima, *Rapidus Fio*, ninakuwa mwepesi. Hapa, tofauti na makundi mengine, nafsi ya kwanza imo ndani ya kitenzi. Kilatini huiweka nafsi hiyo mwishoni, Kiswahili huitanguliza kwa *ni-*, lakini kazi ni ile ile: mtu anasema "mimi". Hata hivyo kuna tatizo. *Fortis* na *sapiens* hazibagui mume na mke, lakini *rapidus* ni kivumishi cha kiume. Mwanamke anayesema juu yake mwenyewe kwa Kilatini angetazamiwa kusema *rapida fio*. Shanoa anapotamka mojawapo ya kauli chache zenye "mimi" alizonazo, anaitamka kwa mdomo wa mwanamume.

Inawezekana kupinga kwamba hili ni kosa tu la watunzi, na hoja hiyo ina nguvu. Kilatini cha mchezo huu si cha darasani. Glifu moja inaitwa *Fidelis Mortus*, ilhali Kilatini sanifu kina *mortuus* kwa maana ya aliyekufa. Lakini uhakiki haulazimiki kuthibitisha dhamira ya mtunzi ili kuisoma athari ya matini. Ndani ya ulimwengu wa hadithi, glifu ni urithi ambao Shanoa hakuutunga, anaufundishwa na kuutumikia. Kwamba lugha hiyo ya kurithi haimtambui hata pale inapompa nafasi ya kusema "mimi" kunaafikiana na kila kitu kingine tunachoelezwa juu yake. Kiswahili, ambacho *a-* yake haitofautishi mwanamke na mwanamume, kingelificha jambo hili katika tafsiri. Ndiyo sababu mhakiki wa Kiswahili anapaswa kulitaja waziwazi.

Majina ya mahali nayo yanashiriki katika usemi huu. Shanoa hupita katika njia ya milimani iitwayo *Tristis*, yaani yenye huzuni, na katika mwamba wa baharini wa *Somnus*, yaani usingizi. Pia kuna ukingo wa mlima uliopewa jina la usahaulifu. Hisia na kumbukumbu zisizokuwemo ndani ya mhusika zimetawanywa katika ramani. Ugothi umezoea kuifanya nyumba kuwa kioo cha nafsi ya mkazi wake. Hapa, kwa kuwa nafsi imekuwa tupu, kilichokuwamo kimemwagika nje na kuwa nchi.

4.0 Mwili Ulioandikwa

Neno linaloingia mwilini si fikra ngeni katika Afrika Mashariki. Katika pwani ya Waswahili, kombe hutengenezwa kwa kuandika aya za Kurani kwa zafarani katika sahani, maandishi yakaoshwa kwa maji, na mgonjwa akayanywa. Hakuna dai la mwathiriano kati ya desturi hiyo na mchezo uliotungwa Japani. Ulinganisho una faida kwa sababu ya tofauti yake. Katika kombe, neno linaingia mwilini ili mwili upone, na kati ya neno na mwili wamesimama watu: mwalimu anayeandika, jamaa aliyeomba liandikwe, mgonjwa anayeombewa. Katika Ecclesia, neno linaingia mwilini ili mwili utumike. Shanoa haandikiwi kwa faida yake. Yeye ndiye sahani.

Dominus ndiyo kilele cha mantiki hiyo. Neno lenyewe ni "bwana" au "mmiliki". Lina sehemu tatu, na katika toleo la Kiingereza sifa za sehemu hizo hazikuandikwa kwa Kilatini, bali kwa maneno ya kila siku yenye maana ya chuki, hasira na uchungu mkali. Kwa hiyo, katika msamiati wa glifu, hisia zinatajwa waziwazi, kwa lugha ambayo kila mchezaji anaielewa, pale zinapokuwa silaha ya kumwua mwenye kuishika. Mhusika asiye na hisia anapewa hisia tatu, zote za uharibifu, na zote si zake.

Utaratibu wa kuchezea unaisisitiza maana hii. Mchezaji anaweza kuunganisha glifu za mikono miwili ili kupata pigo kubwa kuliko ya kawaida, na malipo ya pigo hilo ni mioyo anayoiokota njiani. Mioyo imekuwa akiba ya silaha tangu mchezo wa kwanza wa mwaka 1986, na katika michezo mingi haina maana zaidi ya hiyo. Lakini inapowekwa mikononi mwa mwanamke aliyenyang'anywa moyo, desturi ya zamani inapata uchungu mpya: ili maneno yaungane, lazima moyo ulipwe.

Msomaji wa Kiswahili ana neno jingine la kuusaidia usomaji huu. Tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967, *unyonyaji* limekuwa neno la kisiasa kabla ya kuwa neno la hadithi za kutisha; mnyonyaji ni yule anayeishi kwa jasho la mwingine. Ukiusoma mchezo kwa neno hilo, Dracula anasogea pembeni. Mnyonya damu aliyelala kasrini ni tishio la mbali. Mnyonyaji wa kila siku ni Barlowe, anayemlea yatima wa kumbukumbu kwa sauti ya upole ili siku moja atumie uhai wake. Mchezo unaficha utisho wake mkubwa katika nyumba ya watawa ambako safari inaanzia, na kumwacha mchezaji aukimbilie utisho mdogo kasrini.

5.0 Wanakijiji na Neno la Kila Siku

Kinyume cha glifu si ukimya, ni mazungumzo. Wanakijiji wa Wygol wamefungwa ndani ya glifu iitwayo *Torpor*, yaani ganzi, na Shanoa huwafungua kwa kuifyonza. Mhusika aliyekufa ganzi anawaondolea wengine ganzi yao. Mara anapowarudisha kijijini, wanaanza kumsemesha na kumtuma: Abram mtabibu anahitaji dawa, Irina mpishi anatafuta viungo vya mapishi, George mwanamuziki anafuatilia sauti na nyimbo, mtoto Anna anamtafuta paka wake. Hakuna Kilatini katika mambo haya. Ni maneno ya jirani kwa jirani.

Mhakiki mkali atasema kwamba kazi hizi ni vijazio. Nyingi ni za kwenda kuchukua kitu na kukileta, na malipo yake mara nyingi ni bidhaa mpya za kununua au kitu cha kumwongezea Shanoa nguvu. Lawama hiyo ni ya haki kwa sehemu. Mchezo unashindwa kuuamini wema usio na malipo. Kila hisani ina bei yake. Utu uliokusudiwa kuwa kinyume cha matumizi unaingizwa katika hesabu ileile ya matumizi.

Hata hivyo, jambo moja linaipunguza lawama hiyo. Kinachofungua njia ya kweli ni kuwaokoa wanakijiji, si kuyatimiza maombi yao. Paka wa Anna angeweza kubaki amepotea na hadithi ikafika mwisho wake mwema. Kwa hiyo kazi ndogondogo za kijijini ni miongoni mwa mambo machache ambayo msuko hauyadai. Mchezaji anayerudi Wygol mara kwa mara kusikiliza nani anataka nini anafanya jambo ambalo Barlowe hakumtuma Shanoa kulifanya. Katika hadithi inayomfanya mtu kuwa chombo, kutumwa na mtoto kutafuta paka ni mwanzo wa kurudi kuwa mtu. Mtu mzima katika kijiji chochote anajua tofauti kati ya kuamrishwa na kuombwa, hata pale miguu inapokwenda njia ileile.

Hapa ndipo mchezo unapokuwa na hoja iliyo yake. Elimu iliyomwokoa Shanoa haikutoka katika maandishi ya Ecclesia. Ilitoka kwa watu waliokuwa wamepuuzwa na wenye maandishi. Aliyekusanya glifu zote na kuwaacha wanakijiji wachache njiani ana nguvu nyingi na hajui lolote.

6.0 Tabasamu Lililoombwa

Katika njia ya kweli, roho ya Albus inaingia ndani ya Shanoa, Barlowe anashindwa, na kasri linafunguka. Dracula hatimaye anaangushwa kwa Dominus, na uhai unaodaiwa na nguvu hiyo unalipwa na roho ya Albus badala ya ule wa Shanoa. Kabla ya kutoweka, Albus anamwomba atabasamu. Naye anatabasamu.

Tukio hili limetungwa kwa kiasi kinachostahili sifa. Hakuna hotuba ndefu, na mchezaji aliyekaa na uso usiobadilika kwa saa nyingi anaguswa na badiliko dogo la midomo. Lakini mtiririko wa matendo unahitaji kutazamwa kwa jicho kavu. Barlowe aliamua kwamba Shanoa atakufa; Albus aliamua kwamba ataishi. Barlowe alimfundisha upya baada ya kusahau. Albus ndiye anayemkumbusha alivyokuwa. Hata alama ya kwamba hisia zimerudi inatolewa baada ya ombi la mwanamume anayeaga. Albus hana nia mbaya, na tofauti yake na Barlowe ni kubwa mno kimaadili. Kisarufi, hata hivyo, Shanoa anabaki katika nafasi ya mtendwa. Anaokolewa kama alivyokuwa akitumiwa: uamuzi unapitishwa mahali pengine.

Matini ilikuwa na njia ya kulikwepa tatizo hili, nayo ilikuwa imeshaijenga. Wygol ndipo mahali ambapo Shanoa alitenda bila amri. Kama hisia zake zingerudi huko, mbele ya wale aliowafungua kutoka katika ganzi, sehemu mbili za hadithi zingekutana na *fio* ingepata mwenyewe. Badala yake, kijiji kinaachwa nyuma pindi kasri linapofunguka, na kilele kinarudi kwa mtu mmoja na deni lake. Ugothi umeshinda ngano ya kijiji, labda kwa sababu mfululizo huu tangu mwanzo umejengwa juu ya kasri, na kasri halina nafasi ya majirani.

7.0 Hitimisho

*Order of Ecclesia* ni utungo unaostahili kusomwa kwa uzito na wanaoshughulika na lugha, kwa sababu unaifanya lugha kuwa suala la uhai na kifo bila kutoa hotuba juu yake. Hoja yake imewekwa katika majina ya silaha, katika ramani, katika bei ya pigo na katika mwisho unaomwadhibu mtiifu. Unaonesha kwamba neno lililotengwa na watu huweza kuwa na nguvu zote na bado likawa kaburi la anayelibeba. Udhaifu wake ni kwamba, baada ya kumwonesha mchezaji thamani ya kuombwa badala ya kuamrishwa, haumpi Shanoa nafasi ya kuomba jambo lolote kwa ajili yake mwenyewe.

Kwa uhakiki wa Kiswahili, funzo liko katika zana zaidi ya kuwa katika aina ya matini. Kiambishi cha nafsi, kitenzi kisicho na mtendaji, tofauti ya fanani na hadhira, maana ya kombe na ya unyonyaji, vyote vilikuwepo kabla ya kifaa cha mkononi, na vyote vimefaa hapa. Wachezaji wa michezo hii wamo madarasani mwetu tayari. Kilichobaki ni kuwapa istilahi za kuieleza ile ganzi waliyoiona ikiondolewa kwa watu 13, na kuwauliza kwa nini mtu wa 14 alisubiri kuombwa.